Tangazo la Tatu

Jumamosi mdogo wangu alikuwa mtu mashuhuri. Jumapili alikuwa anakaa benchi la nyuma kanisani, karibu na mlango, kati ya mlevi mmoja na mzee aliyeongeza mke wa pili. Ndivyo usharika wetu ulivyomhesabu. Mimi nahesabu kila kitu mara mbili, ndiyo kazi iliyonilea, na hesabu ile nimeirudia tangu enzi za Mwingereza mpaka leo nina vitukuu. Kila nikiirudia inatoka vilevile, na kila ikitoka nakasirika upya.

Siku hizi wajukuu wananiita sebuleni. "Bibi, njoo uone mashindano!" Kwenye televisheni kijana anaimba huku taa zinamzunguka, na mjukuu wangu anampigia kura kwa simu kwa vocha niliyomnunulia mimi.

"Huyu akishinda, Bibi, ndiyo kesha kuwa staa."

"Na kanisani kwao wamesemaje?" nauliza.

Wanacheka. Wanadhani ni uzee.

Kwetu ni mlimani, juu ya Kimandolu, kahawa chini ya migomba na migomba juu ya kahawa. Kahawa ilikuwa ya wanaume. Ndizi zilikuwa zetu, kwa hiyo barabara ya kwenda mjini nayo ilikuwa yetu. Tulishuka na mikungu kichwani, tukavuka mto Themi, tukafika sokoni Arusha kabla Wahindi hawajafungua maduka. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama alikuwa na miguu mibovu. Tukabaki mimi na mdogo wangu, na tuligawana kazi vizuri: mimi nilikuwa bei, yeye alikuwa sauti.

Wauzaji wengine walipiga kelele. Yeye aliimba. Alikuwa na wimbo mmoja alioutunga mwenyewe palepale chini, miguu imenyooshwa, wa kumsuta mnunuzi anayeshika kila kitu na hanunui:

*Umeigeuza, umeigeuza, ndizi imechoka mgongo,*
*Umeinusa, umeinusa, pua yako si mfuko.*

Beti mbili za kwanza zilikuwa zilezile kila siku. Ubeti wa tatu ndio uliokuwa ukijaza watu, maana ubeti wa tatu ulichagua mtu. Alimtazama mmoja aliyesimama pale, akamwimba: kofia yake, kiatu chake, jinsi anavyoshika pesa kama anashika kifaranga. Hakutaja jina. Hakuwa na haja. Watu walikuwa wanageuka wote kwa pamoja, na yule mtu alinunua, alinunua haraka, ili wimbo uhamie kwa mwingine. Mimi nilikuwa nikimsubiri na bei ambayo haikuwa na haya.

Jumapili sauti hiyohiyo iliongoza kwaya ya kanisa letu la Kilutheri. Sauti ya kwanza, mstari wa mbele. Na tangu akiwa mtoto alikuwa na kitu kimoja alichokitamani, wala si gauni wala viatu. Ni kengele. Kwetu bibi harusi akitoka kanisani kengele hupigwa, na inasikika mpaka kwenye vibanda vya mtoni. Alikuwa akisimama njiani na mkungu kichwani kengele ya harusi ya mtu mwingine ikilia, anatikisa kidole, anatafuta sauti yake.

"Dada, hii yetu inaanzia pale kwaya inapoanzia. Siku yangu nitatoka nikiimba nayo."

"Siku yako utatoka ukilia kama wengine," namwambia. "Shuka, ndizi zinachoka."

Mchumba alipatikana. Seremala wa Levolosi, kule mjini, mtu mpole, mikono mikubwa, maneno machache kama vile anayanunua. Walileta posa kwa baba yetu mdogo, ndugu wa marehemu baba, aliyekuwa amebaki kuwa mkubwa wa nyumba yetu. Baba mdogo alikuwa pia mzee wa kanisa, na si mzee wa kukaa tu. Mchungaji alikuwa na sharika nyingi na alitufikia mara moja kwa mwezi. Mwinjilisti alikuwa kijana na alimwogopa kila mtu. Kwa hiyo matangazo yalisomwa na baba mdogo, nidhamu ilishikwa na baba mdogo, na baada ya ibada, mazao ya sadaka yalipotolewa nje kupigwa mnada, aliyepanda juu ya kigogo na kuita bei alikuwa baba mdogo. Pombe ya posa aliinywa hadi chini ya kibuyu. Ile haikuwa pombe, alisema, ile ilikuwa mila.

Ndoa ilitangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo. Bila tangazo la tatu, hakuna ndoa. La kwanza likasomwa. La pili likasomwa. Mama akaanza kunenepesha kondoo.

Hapo katikati likaja gari la redio.

Lilitoka Dar es Salaam, gari la serikali, na mashine ya kunasa sauti ndani yake. Walikuwa wanazunguka miji, wanashindanisha waimbaji. Kila mji nyimbo zake zingepigwa redioni Jumamosi, wasikilizaji wangeandika barua, na mwenye barua nyingi angekuwa mwimbaji wa Jimbo zima la Kaskazini. Bwana wa redio alipita sokoni, akamsikia mdogo wangu, akasimama. Akashika ndizi, akaigeuza. Kosa lake. Aliimbwa yeye na suruali yake fupi mpaka akafuta machozi, akasema, "Mama, wewe kesho njoo."

"Saa ngapi, na wapi?" nikauliza mimi. Maana ndizi za kesho nani auze?

Sasa nieleze habari ya mahali, kwa sababu kila kitu kiliharibikia hapo. Bwana wa redio alihitaji jumba lenye paa na umeme. Katika hoteli za Wazungu Mwafrika aliingia akiwa amebeba trei. Ukumbi wa Wahindi ulikuwa na harusi. Jumba lililobaki Arusha nzima ambalo mtu mweusi aliruhusiwa kukaa ndani yake lilikuwa kilabu cha pombe cha mji. Serikali yenyewe ndiyo iliyojenga. Ilifikiri sana juu yetu, ikaona tunahitaji mahali pa kulewa.

Walinasa asubuhi, kilabu kimefungwa. Ndani hakukuwa na tone la pombe, ni harufu tu. Kijana mmoja alimpigia gitaa, mwingine akagonga chupa kwa msumari, mdogo wangu akasimama mbele ya kile chuma cha kunasa sauti amevaa gauni lake la kwaya, akaimba kama yuko sokoni. Mimi nilikaa mlangoni na kapu. Niliwaona wazee wawili wa kanisa letu wakipita uani, pombe inapopikwa. Walikuwa wamekuja, nadhani, kutafuta watoto wao.

Jumamosi ikafika. Sokoni palikuwa na spika juu ya nguzo, na saa za redio watu walijaa chini yake kama kuna shauri. Baba mdogo alikuwepo, ameteremka kununua misumari. Wimbo ulipoanza nilimwona anavyonyooka. Akamgusa mtu wa kando yake.

"Unamsikia huyo? Mtoto wa kaka yangu. Damu yangu hiyo."

"Acha wewe!"

"Nakwambia! Hata sauti ni ya ukoo. Mimi mwenyewe ujanani…"

Watu walicheka ubeti wa tatu mpaka mtu akaangusha mayai. Kisha mtangazaji, kijana wa watu, mkweli, akamalizia kwa sauti safi: umesikia wimbo huo kutoka kilabu cha pombe cha Arusha.

Nimeona bei zikishuka haraka, lakini sijapata kuona uso ukishuka vile. Yule mtu wa kando akamuuliza, "Kumbe ukoo wenu mnaimbia kilabuni, mzee?" Baba mdogo akaondoka. Misumari aliisahau.

Kesho yake kanisani alisoma matangazo. Akasoma la kijana wa jirani, mara ya tatu. Akasoma la binti mwalimu, mara ya kwanza. Mdogo wangu alikuwa amekaa na kwaya, mikono mapajani, anasubiri la kwake. Baba mdogo akageuza karatasi, akasoma kwamba dada fulani ameonekana na kusikika kilabuni akiimba nyimbo za dunia, kwa hiyo ametengwa na Meza ya Bwana na kwaya, na mambo yake yote yamesimama mpaka atakapotubu mbele ya usharika.

Alitoka mstari wa mbele, akapita katikati ya kanisa mpaka nyuma. Mlevi akamsogezea nafasi. Ndiye mtu pekee aliyefanya kitu cha Kikristo asubuhi ile.

Nilimfuata baba mdogo nje.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Wazee wako wawili walikuwa kilabuni siku hiyo. Niliwahesabu, nikarudia. Benchi lao lipi?"

"Wao hawakuimba."

"Kwa hiyo kunywa si neno?"

"Mwanangu, usinifanyie soko hapa. Hao hawakutangazwa redioni. Huyu ametuaibisha mpaka Tanga! Atubu. Asimame mbele, aseme ameacha nyimbo za dunia maisha yake yote. Wiki ile ile namsomea tangazo lake."

Nikampelekea mdogo wangu bei hiyo. Alikuwa anaosha sufuria.

"Kuingia kilabuni nitatubu," akasema. "Hata leo. Kuimba sitatubu. Sijaiba."

"Punguza kidogo. Sema utaacha, halafu…"

"Dada. Wewe unapunguza ndizi. Mimi hii siipunguzi."

Akasugua sufuria mpaka nikaogopa itatoboka.

Barua zikaandikwa. Watu wa Moshi waliandika, wa Tanga, wa Mbulu, watu ambao hawajapata kutuona. Wakamchagua yeye. Redio ikasema mwimbaji wa Jimbo la Kaskazini ni muuza ndizi wa Arusha, na tangu hapo wimbo ukapigwa kila Jumamosi. Watoto waliuimba wakichota maji. Madereva wa malori ya kahawa walisimama sokoni kumwangalia. Mzungu mmoja mke wa mkulima alileta wageni wake, akawaonyesha kwa kidole, kama wanavyoonyeshana mlima. Wanunuzi walitaka waimbwe wao. Walikuja wamevaa vizuri, wakageuza ndizi makusudi, wakangoja ubeti wa tatu. Na bado wakitaka kupunguziwa! Mimi sikupunguza. Umaarufu nao ulikuwa na bei yake, na ilikuwa yangu kuipanga.

Jumapili, benchi la nyuma. Kwaya ikaimba bila sauti ya kwanza, ikasikika kama meza ya miguu mitatu. Watoto wa shule ya Jumapili, wakitoka nje, walikuwa wanaimba *umeigeuza, umeigeuza* chini ya dirisha la mwinjilisti, na hakuna aliyewatenga. Na kikapu cha sadaka kilipofika benchi la nyuma hakikurukwa. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Mtu ametengwa. Ndizi zake hazikutengwa. Ziliingia kanisani, zikatoka, zikapigwa mnada, na baba mdogo akiwa juu ya kigogo akaita bila aibu: "Mkungu huu, mara ya kwanza! Mara ya pili! Mara ya tatu, umekwenda!" Kumbe kuhesabu hadi tatu alijua.

Upande wa seremala mambo yakaanza kubadilika. Yeye mwenyewe hakuacha kuja. Alikuwa akija jioni, anakaa, anarekebisha mguu wa kiti ambacho hakijaharibika. Lakini mama yake alitutembelea, akakataa chai, na kwetu mtu akikataa chai amekuja na neno.

"Sisi si watu wabaya," alimwambia mama. "Sauti yake tunaipenda, nyumbani kwangu redio haizimwi. Ila siwezi kuleta nyumbani mkamwana wa benchi la nyuma. Watoto watabatizwa wapi? Tumesubiri. Mavuno yakipita bila tangazo la tatu, tutakuja kuchukua mbuzi wetu wa mahari."

Mdogo wangu alikuwa nyuma ya mlango. Usiku ule hakuimba hata kumbembeleza mtoto wa jirani.

Sikukuu ya mavuno kwetu ni siku kubwa. Mchungaji anakuja, wageni wanatoka sharika nyingine, na mnada wake si wa mayai na kuku peke yake, unakwenda mpaka ng'ombe. Mwaka ule walitaka mabati ya kanisa. Siku chache kabla, baba mdogo alikuja nyumbani amevaa koti, akakaa bila kukaribishwa, akanisifu kahawa yangu. Nikajua anataka kununua kitu. Mtu akisifu kabla hajauliza bei, kaa vizuri.

"Wageni wengi wanauliza habari za mdogo wako," akasema. "Wazee wamekaa. Wameona, kwa faida ya mabati, aimbe kidogo mnadani."

"Aliyetengwa?"

"Mnada uko nje, mwanangu. Nje si madhabahuni."

"Nyimbo za dunia?"

"Huo… huo wa ndizi. Si mbaya sana ukiusikiliza."

"Umeusikiliza mara ngapi, Baba mdogo?"

Akakohoa. Nikammiminia kahawa nyingine, taratibu, ili ajue sina haraka.

"Bei yake ni tangazo la tatu."

"Haiwezekani! Hajatubu."

"Atatubu kilabu. Jumapili hiyohiyo, asubuhi, mbele ya wote. Kuimba humo hakumo."

"Wazee watasema nini?"

"Wale wawili? Waulize kwanza walikuwa wanatafuta nini uani."

Alikunywa. Akatazama mlima, kama vile utamsaidia. Akasema atasoma tangazo baada ya mnada. Nikasema kabla. Akasema baadaye. Nikasema, basi wageni wanunue kuku kimyakimya. Akasimama, akafika mlangoni, akarudi, kama mnunuzi yeyote. Tukapatana: atatubu ibadani, tangazo lisomwe ibadani, kisha mnada, kisha aimbe. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena.

"Wewe mtoto ungekuwa mwanamume ungekuwa mwizi," akasema.

"Ningekuwa mzee wa kanisa, Baba mdogo."

Jumapili ile kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mdogo wangu alitoka benchi la nyuma, akaja mbele, akapiga magoti. Alikiri kuingia kilabuni. Mchungaji akauliza kama kuna zaidi, akasema hakuna, mchungaji akamwinua, akamrudisha kundini. Mama alilia. Basi yakaja matangazo. Baba mdogo akasoma la mabati, la kahawa, la mkutano wa akina mama, la ndoa za wengine. Akakunja karatasi, akaitia kwenye koti.

Nilisimama. Mimi, katikati ya kanisa. Mwinjilisti alinitazama kama ameona moto. Baba mdogo alinipungia mkono, akasema kwa midomo tu: baadaye.

Nje alikuwa tayari kwenye kigogo. Nikajipenyeza.

"Hukusoma!"

"Limenipita, mwanangu. Wageni wengi. Aimbe, nitasoma."

"Soma, ataimba."

"Aimbe kwanza."

Mtu yeyote wa soko anajua mahali tulipokuwa. Ndipo biashara hufia. Lakini watu walikwisha kumwona mdogo wangu, wakaanza kumwita. Wakamfungulia njia mpaka kwenye kigogo. Nikamshika mkono.

"Usifungue mdomo," nikamwambia. "Hata kupiga chafya."

Akautoa mkono wake. Akapanda, na baba mdogo akashuka kumpisha, anatabasamu kwa wageni.

Akaimba ubeti wa kwanza! Bure! Nilitaka kumvuta gauni. Watu wakapiga makofi, akina mama wa vikapu wakaitikia. Akaimba ubeti wa pili, na uwanja mzima ukaimba naye, mchungaji anapiga makofi, wageni wanasimama juu ya mabenchi. Nami nasema moyoni, umekwisha, ametoa mkungu mzima na bei haijatajwa.

Akanyamaza.

Watu wakangoja. Kila mtu pale alijua kinachofuata. Redio ilikuwa imewafundisha: ubeti wa tatu unachagua mtu. Mdogo wangu akazungusha macho polepole juu ya wageni, juu ya kwaya, juu ya wazee, akayasimamisha kwenye koti la baba mdogo. Kwenye mfuko wa koti, pale karatasi ilipochomoza.

"Baba mdogo," akasema, kwa adabu kabisa, "ubeti wa tatu nimwimbe nani?"

Kicheko kilianzia kwa akina mama. Kikaenda kwa wanaume, kikarudi kimekua. Sauti ikatoka nyuma: "Mwimbe mwenye koti!" Nyingine: "Mfuko una nini huo?" Baba mdogo alijishika mfuko, na hilo likawachekesha zaidi. Alijua, na mimi nilijua, kwamba wimbo wowote atakaoimbwa pale watoto watauimba mtoni kesho, na Jumamosi moja gari la redio linaweza kurudi.

"Mara ya kwanza," nikasema, kwa sauti yake ya mnada. "Mara ya pili…"

Uwanja ukaipokea. "Mara ya tatu! Mara ya tatu!"

Akatoa karatasi. Akasoma. Jina la seremala, jina la mdogo wangu, tangazo la tatu na la mwisho, mwenye kipingamizi aseme. Hakuna aliyesema, labda kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa ubeti. Mama yake seremala alipiga vigelegele kuliko wote.

Na ubeti wa tatu? Aliniimba mimi. Dada mwenye kuhesabu chenji ya mwenzake mpaka shilingi inaomba maji. Walicheka mpaka mabati yakapatikana. Nilicheka pia, meno tu.

Ningeishia hapo mngesema nilishinda. Nami nilidhani hivyo, majuma yote ya kukamua maziwa ya loshoro, makande yetu ya maziwa ya mgando, na kuazima masufuria.

Siku ya harusi, Jumamosi, tulimleta mdogo wangu kanisani na shela aliyoshonewa na mke wa fundi cherehani wa Levolosi. Watu walikuja kwa malori. Mpiga picha wa gazeti alikuwepo. Mlangoni baba mdogo alisimama, mikono nyuma.

"Shela ivuliwe," akasema.

"Kwa nini?"

"Aliyewahi kutengwa anafungishwa ndoa bila shela. Wala kengele haitapigwa. Ndiyo utaratibu."

"Alirudishwa kundini! Wewe ulikuwepo!"

"Alirudishwa. Utaratibu uko palepale. Tangazo mlilitaka, mkalipata. Habari ya shela na kengele hatukuizungumza."

"Nani hununua mkungu akazungumza habari ya ganda?"

"Ndani wanasubiri, mwanangu. Mchungaji ana usharika mwingine saa kumi."

Mchungaji nilimwona kwa ndani, anaangalia saa. Hakugeuka. Mama alikuwa amekwisha kukaa. Seremala alikuwa amesimama mbele na mikono yake mikubwa haijui pa kwenda. Nilikuwa nimekwisha kuvua kiatu, sikumbuki nilitaka kukifanyia nini, na mdogo wangu akanigusa bega. Akajitoa shela mwenyewe, pini moja moja, akanipa. Akaingia.

Alipotoka ameshika mkono wa mume wake, alisimama kidogo pale mlangoni. Alitazama juu, mara moja. Kamba ya kengele ilikuwa imefungwa kwenye msumari, fundo zuri, jipya. Watu wote walinyamaza kumngoja aimbe, maana walidhani muuza ndizi wa redio hawezi kutoka kanisani kimya. Hakuimba. Alishuka ngazi, na nilisikia visigino vyake. Saa ile ile, waliniambia baadaye waliobaki mjini, spika ya sokoni ilikuwa inapiga wimbo wake.

Mpiga picha akatupanga. Na nani alikuja kusimama katikati, kati ya bibi na bwana harusi, ameweka mkono kwenye bega la damu yake? Koti, tabasamu, kila kitu. Gazeti liliandika kwamba mwimbaji mashuhuri alisindikizwa na baba yake mdogo, mzee wa kanisa.

Mnadani kwake sikununua tena hata yai. Alikufa mzee sana, akapigiwa kengele mpaka mpigaji akachoka. Nilihesabu. Sitasema ngapi.

Picha ile mdogo wangu ameitia fremu, ameitundika sebuleni kwake Levolosi, juu ya redio. Anasema ni ya harusi yake na hana nyingine. Mimi nikimtembelea, yeye akienda jikoni kuchemsha maji, naigeuza uso ukutani. Akirudi na chai anaisimamia, trei mkononi.

"Dada. Umeigeuza tena."

"Nimeigeuza."

Anaweka trei, anairudisha, anapangusa kioo kwa kanga. Ananimiminia chai. Nakunywa, na ninangoja asahau kitu jikoni.